Tumbo hupunguzwa, haki ya mwili haipunguzwi



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inazungumzia jambo ambalo si zamani lilisikika kama habari ya nchi za mbali, na leo limeingia katika mashauri ya familia zetu: upasuaji wa kupunguza uzito. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila jijini Dar es Salaam, hutoa huduma hiyo, pamoja na ile ya puto linalowekwa ndani ya tumbo kwa muda. Wapo pia wanaoifuata Nairobi na India. Hatukusudii kueleza namna kisu kinavyopita. Tunakusudia kueleza chakula na vitamini, kabla ya upasuaji na baada yake, kwa kuwa humo ndimo tiba hii inamofaulu au kuharibika, na humo ndimo familia yenyewe ina kazi ya kufanya.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Sumbawanga na uwanda wa Ufipa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbali. Mgonjwa wa Ufipa akifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, hurejea nyumbani zaidi ya kilomita 1,000, na maisha yake yote yaliyobaki yataangaliwa na zahanati ya jirani, duka la dawa la mtaani na sufuria ya nyumbani kwake. Ya pili ni kwamba Ufipa inatufundisha, kwa uchungu, kuwa kushiba ni jambo moja na kulishika mwili ni jambo jingine.

Shibe isiyo lishe

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa maghala ya nchi. Mahindi ya Ufipa hulisha mikoa mingine. Maharage, ulezi na alizeti hustawi, na uwanda wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, yote yenye samaki. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Watoto hao wengi hawakulala na njaa. Walikula ugali wakashiba, lakini miili yao haikupata protini, madini chuma, zinki na vitamini za kutosha.

Utafiti huohuo ulionesha upande wa pili: zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mambo haya mawili hukutana katika nyumba moja. Mama mwenye kilo 110 aweza kuwa na upungufu wa damu kama mwanawe aliyedumaa, kwa kuwa wote wawili wamekula chungu kimoja, kilichojaa wanga na kukosa kitoweo. Unene si ushahidi wa lishe. Madaktari wanaowapima watu wanene kabla ya upasuaji huwakuta wengi wana upungufu wa vitamini D, wa madini chuma, wa foliki na hata wa vitamini B12. Mtu huyo akipunguzwa tumbo bila kutazamwa hayo, upungufu wake hauondoki. Huzidi.

Upasuaji unafanya nini

Njia zinazotumika sana ni mbili. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kiasi cha robo tatu au zaidi, hukatwa na kuondolewa, na unaobaki huwa mwembamba kama mrija. Katika ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nacho kwa namna ambayo chakula hukwepa sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Sehemu hiyo inayokwepwa si bure. Mwanzo wa utumbo ndipo madini chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Tumbo nalo hutoa tindikali inayoyaandaa madini hayo, na hutoa kitu maalumu ambacho bila hicho vitamini B12 haiwezi kufyonzwa ipasavyo mwishoni mwa utumbo. Kwa hiyo anayefanyiwa upasuaji hupungukiwa kwa njia mbili: anakula kidogo, na kile kidogo hakifyonzwi chote. Lakini mifupa, damu, mishipa ya fahamu na ubongo wake vinadai kiasi kilekile vilichodai jana. Tumbo limepunguzwa, haki ya mwili haikupunguzwa. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii wamekubaliana kuwa vitamini na madini ya nyongeza baada ya upasuaji ni ya maisha yote. Si ya mwezi mmoja wala mwaka mmoja.

Mtume (s.a.w.) alimkumbusha swahaba wake Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya ibada ya sunna, vipi tuusahau mbele ya matamanio ya kupungua haraka?

Tiba au pambo?

Wanazuoni wametofautisha kati ya kuugusa mwili kwa ajili ya tiba na kuugusa kwa ajili ya pambo tu. Unene unaoleta kisukari, shinikizo la damu, kukatika pumzi usingizini au kushindwa kutembea ni maradhi, na Uislamu umetuelekeza kutafuta dawa. Kwa miaka mingi tangu 1991, madaktari walilipendekeza jambo hili kwa mtu ambaye uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wake wa mita mara urefu huohuo, hufika 40, au 35 akiwa na maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hao vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi mengine. Kwa mtu wa mita 1.60, kiwango cha 40 ni kilo 102 na ushei, na cha 35 ni kama kilo 90. Aliye chini sana ya hapo, anayetaka tu gauni la harusi limkae vizuri, hana udhuru wa kuuingiza mwili wake katika sharti la maisha yote.

Kabla ya safari

Familia inayojiandaa huhesabu nauli, gharama za hospitali na mahali pa kufikia. Hesabu hiyo ni pungufu. Iwekwe pia hesabu ya vidonge vya kila siku, sindano na vipimo vya damu vya kila mwaka, miaka ishirini au thelathini ijayo. Mume anayemgharimia mkewe upasuaji, au watoto wanaomchangia mama yao, wakae shura na kuulizana waziwazi: mavuno yakiwa mabaya, bei ya mahindi ikianguka, nani atanunua vidonge mwezi huo? Ikiwa jibu halipo, heri kusubiri mpaka lipatikane.

Jambo la pili ni vipimo. Kabla ya kisu, mgonjwa apimwe wingi wa damu na akiba ya madini chuma, vitamini B12, foliki, vitamini D na kalsiamu. Baadhi ya vipimo hivi huenda visipatikane karibu, basi vifanywe katika hospitali ya upasuaji, mapema, ili upungufu utibiwe kwanza. Anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari, au omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kwa miaka mingi, amwambie daktari, kwa kuwa dawa hizo hupunguza B12 mwilini.

Hapa tunataka kuwaambia neno dada zetu wanaojisitiri, na wote wanaojifunika kwa baridi ya Ufipa. Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopata jua. Stara haizuii afya: uani kwako, penye faragha, mikono na miguu ipate jua kwa muda kidogo kila siku. Hata hivyo jua pekee halitatosha baada ya upasuaji.

Jambo la tatu ni chakula cha majuma mawili hivi ya mwisho. Hospitali nyingi humtaka mgonjwa apunguze sana wanga, sukari na mafuta ili ini lililojaa mafuta lisinyae, kwani ini kubwa humzuia mpasuaji kulifikia tumbo. Asiye na muongozo huu hufanya kinyume: ndugu humfanyia karamu ya kumuaga, pilau na soda, kana kwamba anaaga chakula. Tumuage kwa dua. Mwenye kisukari asianze mlo huu bila daktari kurekebisha dawa zake, asije akashukiwa na sukari.

Sufuria ya nyumbani baada ya upasuaji

Baada ya upasuaji, chakula hurejea kwa hatua: kwanza vinywaji visivyo na sukari, kisha vyakula vya majimaji vilivyosagwa, kisha vilaini, na baada ya majuma 6 hadi 8 hivi vyakula vya kawaida, kila hatua kwa maelekezo ya hospitali. Maji hunywewa kidogo kidogo mchana kutwa, mpaka yafike lita moja na nusu, wala hayanywewi pamoja na chakula. Hungojewa nusu saa. Mtume (s.a.w.) alituelekeza kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Tumbo lililobaki kama mrija halina nafasi ya mafungu mawili kwa wakati mmoja. Adabu ileile ya kutojaza inabaki, ila maji sasa yana saa yake na chakula kina saa yake.

Katika sahani, utaratibu wa Ufipa lazima ugeuzwe. Kwetu ugali ndio chakula na kitoweo ni cha kuusindikiza. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, kitoweo ndicho chakula, na ugali ni tonge moja au mawili ya mwisho, nafasi ikibaki. Mwili wake unahitaji angalau gramu 60 za protini kila siku, na asipozipata mwili hula misuli yake wenyewe, nywele hukatika na nguvu huisha, ingawa mizani inafurahisha.

Je, gramu 60 zinapatikana Sumbawanga bila makopo ya unga wa kigeni? Tuhesabu. Mayai mawili yana gramu 12 hivi. Vikombe viwili vya maziwa, 16. Kipande cha samaki wa gramu 100, awe mgebuka wa Ziwa Tanganyika au samaki wa Ziwa Rukwa, 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva na kupondwa, 7 au 8. Dagaa wakavu wa Kasanga au Kirando, wakisagwa na mifupa yao kuwa unga na kuchanganywa katika mchuzi, gramu 10 tu za unga huo huongeza gramu 5 au zaidi za protini, na kalsiamu juu yake. Jumla ni 60. Chakula hicho huliwa mara tano au sita kwa siku, kwa kutafuna taratibu, na mtu husimama pale anapohisi tumbo limebana.

Vitu vitamu ni mtihani, hasa kwa aliyekwepeshwa utumbo. Soda, chai ya sukari nyingi, uji wa sukari, hata asali ikiwa nyingi, huteremka kwa kasi kwenye utumbo, na mtu hushikwa na mapigo ya moyo, jasho, kizunguzungu na kuhara. Wenyeji wa walima na maulidi walijue hili: kumlazimisha mgeni wa namna hii amalize sahani si ukarimu. Ukarimu ni kumpa kipande cha samaki na kumwacha ale kwa amani.

Vidonge vya maisha

Sasa tufike kwenye vitamini zenyewe. Kiwango cha kila mtu hupangwa na daktari kwa kuangalia aina ya upasuaji na vipimo vya damu. Yafuatayo ni yale ambayo miongozo ya wataalamu huelekeza kwa watu wazima, tunayataja ili familia ijue cha kuuliza.

Kwanza, kidonge cha mchanganyiko wa vitamini na madini, kila siku, chenye vitamini B1, foliki, zinki na shaba ndani yake. Pili, vitamini B12, maikrogramu 350 hadi 1,000 kwa siku kwa mdomo, au sindano ya maikrogramu 1,000 kila mwezi. Tatu, kalsiamu, miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ikigawanywa mara mbili au tatu, kwa kuwa mwili haufyonzi zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mkupuo. Kalsiamu ya sitreti hufaa zaidi kwa tumbo lenye tindikali kidogo. Ikiwa iliyopo ni ya kaboneti, iliwe pamoja na chakula. Nne, vitamini D, kwa kawaida vipimo 3,000 kwa siku, vile vinavyoandikwa IU kwenye chupa. Tano, madini chuma, miligramu 18 kwa wanaume wasio na upungufu, na 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi na kwa aliyekwepeshwa utumbo.

Kalsiamu na madini chuma hugombana, kwa hiyo viachanishwe saa mbili. Chai nayo huyazuia madini chuma. Tulio na mazoea ya kumeza dawa kwa chai ya asubuhi tuache. Mpangilio mwepesi ni kuutegemeza ratiba ya swala: madini chuma baada ya Alfajiri kwa maji, kalsiamu adhuhuri na magharibi, kidonge cha mchanganyiko wakati wa chakula cha mchana. Asiyesahau swala hatasahau vidonge.

Yapo makosa matatu ya kuepuka. La kwanza ni kudhani kuwa vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vinatosha. Vina madini chuma na foliki, havina B12, wala B1, wala kalsiamu. La pili ni kudhani kuwa mchicha na maharage vinaleta B12. Vitamini hiyo hupatikana katika vyakula vya wanyama: samaki, nyama, mayai na maziwa. La tatu ni kuweka mahali pa vidonge habbat sauda, uwatu au dawa za kienyeji za kuongeza nguvu. Habbat sauda tunaiheshimu kwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliisifu, lakini anayeiheshimu hatampa kazi ya vitamini ambayo haimo ndani yake.

Vipimo vya damu hurudiwa katika miezi 3, 6 na 12 ya mwanzo, kisha kila mwaka. B12 huwa na akiba katika ini, na akiba hiyo yaweza kuchukua miaka kwisha. Ndiyo maana wengi huacha vidonge mwaka wa kwanza, wakajiona wazima, kisha mwaka wa tatu au wa nne miguu ikaanza kufa ganzi.

Kutapika, kuyumba na maneno ya watu

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na tunaomba kila nyumba ipasome mara mbili. Vitamini B1, yaani thiamini, haina akiba ndefu. Huisha mwilini katika majuma mawili au matatu. Aliyefanyiwa upasuaji, au aliyewekewa puto, akitapika siku kadhaa mfululizo au asipoweza kula, huishiwa nayo. Dalili zake ni macho kuona viwili viwili au kuchezacheza, kuyumba anapotembea, na kuchanganyikiwa. Ikichelewa, ubongo huharibika, na kumbukumbu huenda isirudi.

Mgonjwa wa namna hii akifika zahanati ya kijijini, anaweza kudhaniwa ana malaria, na kwa kuwa hali, akatundikiwa dripu ya sukari. Sukari hiyo huimaliza thiamini kidogo iliyobaki na kuuharakisha uharibifu. Kwa hiyo familia iwe na maneno haya tayari: mgonjwa wetu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, tunaomba apewe thiamini kwanza, kwa sindano, kabla ya dripu ya sukari. Yaandikwe kwenye karatasi pamoja na aina ya upasuaji, tarehe yake na simu ya hospitali iliyomfanyia, na karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya bima. Kisha apelekwe haraka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Tunalisema hili kwa Sumbawanga kwa sababu nyingine pia. Mji huu umebebeshwa utani wa uchawi nchi nzima, na utani ukirudiwa sana huzoeleka hata kwa wenyewe. Mama aliyepungua ghafla, anayeyumba, anayesahau majina ya wanawe, aliyeanza kusema miguu inawaka moto, hatachelewa kuambiwa karogwa au kapandwa na jini, au yule aliyekuwa mcha Mungu kaanza kunywa pombe. Kumsomea Qur'ani ni kheri, na asomewe. Lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Kinachomsumbua kina jina, kina kipimo na kina sindano, na kila siku inayopotea kwa minong'ono ni sehemu ya ubongo au mishipa yake inayopotea.

Mimba na kunyonyesha

Mwanamke mnene aliyekaa muda bila kupata mimba anaweza kuipata mara tu uzito unapoanza kushuka. Familia hufurahi, na furaha hiyo yaweza kugeuka majonzi, kwa kuwa mwili unaopungua haraka hauna cha kumgawia mtoto. Wataalamu hushauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Wanandoa wakubaliane juu ya hili kabla ya upasuaji, na waelewe kuwa vidonge vya kupanga uzazi huenda visifyonzwe vyema kwa aliyekwepeshwa utumbo. Waulize njia isiyopita tumboni.

Mimba ikija, mama asiache vitamini. Aongezewe uangalizi. Foliki hutakiwa maikrogramu 800 hadi 1,000 kwa siku tangu kabla ya mimba, na vitamini A isiwe ile ya retinoli kwa wingi, kwani humdhuru mtoto tumboni. Iwe ya asili ya mboga, kama iliyomo katika karoti na maboga. Anayenyonyesha huku hana B12, maziwa yake hayana B12, na mtoto aweza kunenepa kidogo kisha akaanza kurudi nyuma: hacheki, hakai, hashiki shingo. Katika mkoa ambao nusu ya watoto wamedumaa, tusiongeze mlango mwingine wa udumavu.

Halali yake na saumu yake

Vitamini nyingi hufungwa katika vifuko vya jelatini, na jelatini yaweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Muulize mfamasia, soma kwenye chupa, na panapowezekana chagua vidonge vikavu vya kutafuna au vifuko vya asili ya mimea. Asiyepata badala, na daktari akasema hapana budi, aulize wanazuoni wa kwao kabla hajaacha dawa kwa rai yake mwenyewe.

Kuhusu Ramadhani, madaktari humzuia kufunga aliyefanyiwa upasuaji katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, na baadhi yao husubirisha zaidi. Huyu ni mgonjwa, na Allah (s.w.) amempa mgonjwa ruhusa. Atalipa siku zake akiweza, na asiyetarajia kuweza ana fidia. Wala asione haya. Anayeruhusiwa kufunga, usiku wake ndio utakaobeba maji na protini za siku nzima: afuturu kwa tende moja aliyoitafuna sana na maji kidogo, kisha supu ya samaki au maziwa, si uji wa sukari na vitumbua. Vidonge vigawanywe kati ya futari na daku, na sindano ya B12 ichomwe usiku, hivyo hapana khitilafu ya kubishania.

Kazi ya jamaa

Ndugu msomaji, utaona kuwa katika yote tuliyoyataja, kazi ya mpasuaji ni saa chache, na kazi ya nyumba ni miaka. Anayepika ndiye atakayetangulia kupakua kitoweo. Anayeenda mjini siku ya soko ndiye atakayekumbuka vidonge. Na hekima hiyo haimfai mgonjwa huyu peke yake. Unga wa dagaa uliosagwa kwa ajili ya mama aliyepunguzwa tumbo utiwe pia katika uji wa mtoto wa miezi 8. Yai lake likiwa la lazima, la mtoto nalo ni la lazima. Dona iliyobaki na kiini chake ina B1 zaidi ya sembe nyeupe tunayoisifia kwa weupe wake.

Wale wanaofikiria upasuaji, tunawaombea Allah awaongoze kwenye lenye kheri nao. Wale waliokwishafanyiwa na wakaacha vidonge kwa kujiona wamepona, tunawasihi wiki hii hii wakapime damu. Miguu ikiwa haijafa ganzi, muda ungalipo.